Jiometri iko ndani ya kiraka

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanamemba



Tunajua wengi wenu mnauliza: "Bale batoto, siku ya posho banakuya kusoma ao kushona?" Leo tumekuja kujibu, na pia kukubali kosa letu.

Watoto waliorudi kutoka Nyarugusu walisoma kule programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Lakini katika safari ya kurudi miezi ilipotea, kaye zikapotea, na wengine wakarudishwa darasa la chini. Ukimwandikia mtoto wa namna hiyo kanuni ya eneo ubaoni, anaikopi vizuri, halafu hawezi kukuambia ni ya nini. Wasichana wakubwa wanaona haya kukaa na wadogo. Wanaacha shule, wanaenda kukaa kwenye mashini ya kushona ya mama. Tukajiuliza: kama wanapenda kitambaa, kwa nini hesabu isiwafuate huko?

Njo tukaomba mabaki ya vikwembe kwa mafundi wa soko. Kazi ilikuwa shuka la viraka la kumfunika mtoto, upana sentimetre 120, urefu 160. Kila kiraka ni mraba wa 20 kwa 20. Wanafunzi wakapanga: sita kwa upana, nane kwa urefu, jumla viraka 48. Hapo eneo si neno la ubaoni tena. Unaliona, unaligusa.

Sasa kosa. Sisi wenyewe, watu wa diploma, tuliwaambia wakate 20 kamili. Tulisahau mshono. Mshono unakula sentimetre moja kila upande, kwa hiyo kila kiraka kilibaki 18, na shuka likatoka 108 kwa 144. Mama mmoja alikuwa ametupa kikwembe alichokitunza tangu kambini. Aliangalia tu, akasema: "Miguu ya mutoto itabakia inje." Tulimwomba radhi siku ile, na leo tunamwomba tena mbele yenu. Lakini kabla hatujafungua mdomo, msichana mmoja aliyekuwa ameacha shule akasema: "Basi tukate 22." Hakuna aliyemfundisha.

Wiki iliyofuata walikata miraba kutoka pembe moja mpaka pembe ya kando ya pili. Wakapata pembetatu mbili sawasawa, kila moja na pembe ya digrii 90 na mbili za digrii 45. Shuka la pili lilipoisha, tulichukua kamba kupima kona hadi kona. Kama kona ziko sawa, kamba lazima isome 200, maana 120 mara 120 ni 14.400, 160 mara 160 ni 25.600, na jumla 40.000 ni 200 mara 200. Ilisoma 200. Watoto walipiga makofi, na sisi pia.

Tena, msifikiri hii ni kitu ya kigeni. Kule Kasai, kwa Wakuba, wanaume wanafuma rafia, wanawake wanaitia nakshi, na vipande vinaunganishwa kuwa vazi refu. Mwaka 1971 mtaalamu wa hesabu, Donald Crowe, aliandika juu ya nakshi zao. Kurudia nakshi kwenye mstari kuna namna 7 tu: Wakuba wanazo zote 7. Kwenye uso mzima kuna namna 17: kwao alikuta 12. Mikono ya wakubwa wetu ilijua hesabu zamani.

Lakini tuseme ukweli: mtihani wa serikali hauulizi viraka. Unauliza kwa karatasi na kwa Kifaransa. Ndiyo sababu nusu saa ya mwisho makasi yanawekwa chini, na kila mtu anaandika kwenye kaye yake, kwa Kifaransa, kile alichoshona.

Tunawaomba vitu vitatu. Mafundi, msitupe mabaki. Wamama wanaojua kushona, mje kutusimamia, tusiharibu tena. Na wazazi, siku ya posho asubuhi mumwachie msichana nafasi, maji atachota mchana. Wawili kati yao wameshauliza namna ya kurudi darasani. Tusiwaangushe.