Kukisia Mwendo wa Maradhi ya Kuambukiza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Rongai)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya swali ambalo limeulizwa mara nyingi hapa kwetu tangu mwaka wa 2020: je, madaktari hujuaje kwamba maradhi yanakwenda mbio au polepole, ilhali hakuna awezaye kuyaona yakitembea? Swali hili si la wasomi peke yao. Tarehe 26 Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mtu asiingie wala asitoke katika eneo la kaunti tano, nazo ni Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na hii yetu ya Nakuru. Amri hiyo ilidumu mpaka tarehe 1 Mei. Mogotio si mbali na hapa, lakini iko Baringo, na kwa muda wa mwezi mzima mpaka ule ulikuwa kama mto uliofurika. Biashara zilisimama na jamaa wakatengana kwa sababu ya hesabu. Yafaa basi tuijue hesabu yenyewe.

Wataalamu huanza kwa kuuliza hivi: mgonjwa mmoja akiwa katikati ya watu ambao hawajapata kuugua maradhi hayo wala hawakuchanjwa, atawaambukiza wangapi kwa wastani? Kwa surua jibu ambalo limezoeleka vitabuni ni watu 12 hadi 18. Kwa korona, ile ya mwanzo ya mwaka wa 2020, ilikisiwa kuwa wawili au watatu. Ebola iliyozuka Afrika ya Magharibi mwaka wa 2014, pamoja na ukali wake wote, ilikuwa kati ya mmoja na nusu na wawili. Mwaona, basi, kwamba maradhi yanayoua sana si lazima yawe ndiyo yanayoenea sana, na mzee anayeidharau surua kwa kuwa ni ya watoto anadharau yenye mbio kuliko zote hizo.

Swali la pili ni la siku: tangu huyu augue hata yule aliyeambukizwa naye augue, zapita siku ngapi? Kwa korona ya mwanzo zilikuwa kama siku tano, na kwa surua ni kama kumi na mbili.

Sasa chukueni punje za mahindi. Weka moja mezani, nayo ndiyo mgonjwa wa kwanza. Ikiwa kila mgonjwa huambukiza wawili, baada ya siku tano ongeza punje mbili, baada ya kumi ongeza nne, na hivyo hivyo. Siku ya thelathini utakuwa ukiongeza punje 64 kwa mara moja. Fanya tena hesabu hiyo kwa watatu badala ya wawili. Siku ile ile ya thelathini utaongeza punje 729. Tofauti ya mtu mmoja tu mwanzoni imezaa tofauti ya mia sita na zaidi katika mwezi mmoja. Lakini kila mgonjwa akiambukiza mmoja tu, utakuwa unaweka punje moja moja daima. Na akiambukiza pungufu ya mmoja kwa wastani, maradhi yatakoma yenyewe. Shabaha ya amri zote zile, barakoa, kufunga shule na kufunga mipaka, ilikuwa kuishusha hesabu ile chini ya mmoja.

Msidhani kwamba hesabu hiyo imeandikwa ndani ya maradhi kama alama ya ng'ombe. Nusu yake ni ya maradhi, na nusu ni ya sisi wenyewe, yaani twaishi vipi na twakutana na nani. Huko Kilifi watafiti waliwaomba watu 568 waandike katika daftari kila mtu waliyegusana naye kwa siku moja, na katika habari waliyoitoa mwaka wa 2014 wastani ulikuwa kama watu 18 kwa kila mmoja. Hapa kwetu daftari hilo halijaandikwa, lakini tazameni wenyewe: Salgaa madereva wa malori hulala usiku mmoja wakaondoka kwenda Malaba au Mombasa, na katika mashamba ya katani nyumba za wafanyakazi zimepangwa bega kwa bega. Mtu aishiye peke yake juu ya kilima hawezi kuwa na hesabu moja na mtu wa kambini.

Tena yako maradhi ambayo hesabu hii ya mtu kwa mtu haiyafai. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1931, kutokana na kondoo waliokufa karibu na Ziwa Naivasha, humu humu katika kaunti yetu. Hiyo huenezwa na mbu baada ya mvua nyingi, na watu huipata pia kwa kushika damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Ukitaka kukisia mwendo wake, hesabu mvua, mbu na mifugo kabla ya kuwahesabu watu.

Shida kubwa, mabwana na mabibi, ni kuhesabu wagonjwa. Mwaka wa 2021 tuliambiwa kwamba kati ya watu 100 waliopimwa korona, walioonekana nayo walikuwa 2 mwezi wa Januari na 22 mwezi wa Machi. Hiyo ni dalili kubwa, lakini si mbio zenyewe, kwa maana yategemea ni nani aliyekwenda kupimwa. Nao wasiopimwa ni wengi mno. Kati ya Aprili na Juni 2020 watafiti waliichunguza damu ya watu 3,098 waliojitolea kutoa damu nchini Kenya, wakaona alama za korona katika watu 174. Baada ya kusawazisha hesabu kwa nchi nzima, ilikuwa kama watu 4 katika 100. Maana yake ni watu wazima zaidi ya milioni moja, na hali mpaka tarehe 31 Julai wagonjwa waliokwisha kuandikwa walikuwa 20,636 tu. Kitabu cha Serikali kiliona masikio ya kiboko.

Tarehe nazo hudanganya. Majina kumi yakiletwa zahanati siku moja kutoka shamba moja, huonekana kama maradhi yameruka ghafula. Kumbe watu wale walianza kuugua mmoja mmoja kwa muda wa wiki tatu. Mwenye kukisia mbio ataka siku ugonjwa ulipoanza, wala si siku karani aliposhika kalamu.

Hapo ndipo lilipo ombi langu. Kitabu cha Wagonjwa cha Chama chetu huonyesha siku Mweka Hazina alipotoa msaada. Naomba mkutano ukubali safu mbili zaidi: siku mgonjwa alipoanza kuugua, na mahali anapodhani aliupata ugonjwa. Wazee wawili katika Halmashauri wamenena kwamba safu ya pili italeta fitina, mtu aje aambiwe, "Wewe ndiwe uliyemletea fulani surua." Hofu hiyo ni ya haki, maana tumeona majirani wakikatana usemi kwa neno dogo kuliko hilo. Kwa hiyo jina la mtu lisiandikwe kamwe katika safu ile. Liandikwe neno moja tu: nyumbani, kazini, shuleni, safarini, au halijulikani. Nacho kitabu kikae kwa Mwandishi, si mezani pa watu wote, na afisa wa afya akija apewe hesabu bila majina.

Karatasi ya mfano imekwisha kupigwa mistari, nayo iko kwa Mwandishi kwa kila atakaye kuitazama kabla ya kupiga kura alasiri hii.