Nyumba Mbili Sawa, Bei Mbili: Kwa Nini?

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu jambo ambalo wengi wenu mmelishuhudia na kulistaajabia. Tuchukue mfano. Katika kijiji kimoja nyumba mbili zinatangazwa kuuzwa kwa wakati mmoja. Zote ni za matofali ya kuchoma, zote zina vyumba vitatu na sebule, zote zimeezekwa kwa bati. Mwenye nyumba ya kwanza anataka shilingi milioni 6; wa pili anataka milioni 18. Mnunuzi hupigwa na butwaa, wanakijiji huguna, na kila mmoja hutoa sababu yake: yule ana tamaa, huyu kachanganyikiwa, au pana dalali aliyejificha nyuma ya mlango.

Tamaa ipo, na madalali wapo. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba kijijini hatuuzi nyumba peke yake. Tunaiuza pamoja na mambo mengi ambayo macho hayayaoni na ambayo mara nyingi hayaandikwi popote. Anayeyajua hufaidika, asiyeyajua huliwa, na anayeliwa mara nyingi ni mnyonge.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Umilikaji wa milele uliorithiwa kutoka kwa wakoloni ulifutwa mwaka 1963. Alichonacho mwananchi ni haki ya kuitumia ardhi. Kwa miaka mingi baada ya hapo ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei. Kilichofidiwa ni maendelezo tu, yaani nyumba, miti na mazao. Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika mwaka 2001, zilileta mabadiliko, kwani zinatambua kwamba haki juu ya ardhi ina thamani. Lakini mazoea hayafutwi na sheria kwa siku moja. Hata leo muuzaji mmoja hupiga hesabu ya matofali, bati na mbao, akaishia hapo. Jirani yake huongeza thamani ya kiwanja na shamba lililo nyuma ya nyumba. Wote wawili ni waaminifu, lakini hesabu zao hazifanani.

Jambo la pili ni usalama wa haki hiyo. Kuna mwenye hati ya hakimiliki ya kimila iliyotolewa na Halmashauri ya Kijiji, na kuna asiye na chochote ila ushahidi wa majirani. Tukumbuke pia kwamba katika Operesheni Vijiji, hasa kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wengi walihamishwa na kugawiwa viwanja katika maeneo ambayo zamani yalikuwa mashamba ya wengine. Sheria ya mwaka 1999 iliithibitisha migawo iliyofanywa kati ya tarehe 1 Januari, 1970 na tarehe 31 Desemba, 1977. Hata hivyo, si kila ukoo unaifahamu sheria hiyo, na mabishano ya wajukuu hayajakwisha kila mahali. Nyumba yenye mabishano hupungua bei hata kama kuta zake ni imara kama mwamba.

Tatu, kuna miti na desturi. Katika sehemu za Pwani, mwenye minazi si lazima awe mwenye ardhi inapoota minazi hiyo. Kwa hiyo nyumba moja huuzwa pamoja na miti yake, na nyingine huuzwa bila miti, lakini mpita njia huziona zote mbili zimezungukwa na minazi ile ile. Katika kihamba cha Kilimanjaro au kibanja cha Kagera, nyumba imesimama kati ya migomba na makaburi ya wazee. Huko mara nyingi bei kubwa anayotajiwa mgeni haimaanishi kwamba nyumba inauzwa. Ni njia ya heshima ya kukataa.

Mambo mengine nitayataja kwa kifupi, kwani yanaonekana kwa mwenye subira. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 32. Matofali yaliyounganishwa kwa saruji si sawa na yaliyounganishwa kwa udongo, hata kama lipu imeyafunika yote. Mbao za paa zinaweza kuwa zimeliwa na mchwa. Barabara inayopitika kiangazi inaweza kukatika masika. Na nguzo ya umeme ikiwa jirani, bei hupanda kabla hata taa haijawaka.

Lakini sababu inayonisikitisha kuliko zote ni shida. Ghala likiwa tupu, mavuno yakiwa bado, ada ya shule ikidaiwa na mgonjwa akiwa kitandani, mtu huuza nyumba yake kwa bei inayotosha kuiondoa shida ile tu. Bei hiyo haipimi nyumba. Inapima dhiki ya muuzaji. Mtu yule yule, baada ya kuvuna, asingekubali hata kuizungumza. Hapo ndipo walanguzi wanapofika, kwa sababu wao huitazama kalenda kuliko wanavyoitazama nyumba. Kadhalika, warithi wenye haraka ya kugawana huuza kwa bei ya kutupa, na mume huuza kwa siri bila mke kujua. Hili la mwisho ni kosa kisheria: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anayefurahia urahisi wa bei ya namna hiyo amejinunulia kesi.

Ndugu wananchi, tufanye nini? Ugonjwa wenyewe ni usiri. Bei inayotajwa hutangazwa kijiji kizima, lakini bei iliyolipwa hubaki siri ya watu wawili. Jirani akisikia milioni 18, naye anataja milioni 18, ingawa nyumba ile haikuuzwa kamwe kwa bei hiyo. Mjane aliye mwisho wa kijiji, asiyesikia chochote, anakubali milioni 4.

Dawa ipo karibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imekwisha kuagiza kila kijiji kiwe na masjala ya ardhi, na uhamisho wa haki, hasa kwa mtu asiye mkazi wa kijiji, hauna budi kupata idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Basi napendekeza kila idhini inapotolewa, yaandikwe mambo matatu: aina ya nyumba, vitu vilivyouzwa pamoja nayo, na fedha iliyolipwa. Na Mkutano Mkuu wa Kijiji unapokaa, orodha hiyo isomwe, bila kutaja majina.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya siri ya mtu. Nawajibu kwamba hatutaki jina la mtu, tunataka bei. Wengine watasema watu wataficha bei ya kweli kwa kuogopa ushuru. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana daftari hili lisigeuzwe kuwa chombo cha kukusanyia fedha. Kazi yake iwe moja tu: kumwezesha mkulima asiye na dalali wala jamaa mjini kujua nyumba kama yake iliuzwa kiasi gani mwaka jana.

Tofauti za bei hazitakwisha, wala si lazima ziishe, maana nyumba hazilingani na mahitaji ya watu hayalingani. Linalopasa kwisha ni giza. Anayeuza kwa bei ndogo na auze akijua kuwa ni ndogo, na anayenunua kwa bei kubwa ajue analipia nini.