Kachumbari na Homoni: Mazungumzo kwa Vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe

Kina baba tunawaomba msitoke nje kwa kusikia neno homoni, mkadhani haya ni ya wanawake tu. Kisukari hakiulizi nani ni mume na nani ni mke.

Tumeamua kuzungumza juu ya jambo hili kwa sababu siku hizi maneno ni mengi. Anayeumwa na tumbo la hedhi ataambiwa ni homoni. Anayenenepa, homoni. Anayechelewa kupata mtoto, homoni. Kisha anauziwa kikopo cha unga, na pesa yenyewe ni ile aliyopokea zamu yake ya mchango wa chama. Wengine wanaambiwa waachane na unga, wale karoti mbichi kila siku, homoni zitajipanga. Kati ya hao wawili, huyu wa karoti hajatuibia. Lakini nayo tuitazame vizuri.

Homoni ni nini hasa? Mwili una tezi zake, na tezi hizo hutuma ujumbe ndani ya damu, kama vile ofisi inavyomtuma tarishi na barua. Insulini hutoka kwenye kongosho na kazi yake ni kuiambia sukari iingie kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili. Tezi ya shingoni hutoa homoni inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Estrojeni hutoka hasa kwenye ovari za mwanamke na ndiyo inayoongoza mambo ya hedhi pamoja na projesteroni. Kwa hiyo mtu akisema tu "nina shida ya homoni", bado hajasema kitu. Ni tarishi yupi? Anafanya kazi kupita kiasi au amelala?

Habari ya karoti ilienezwa sana na Mmarekani mmoja, Ray Peat, msomi wa biolojia wa jimbo la Oregon, aliyefariki mwaka 2022. Alifundisha watu wale karoti mbichi iliyoparuzwa, na siki na mafuta kidogo. Hoja yake ilikuwa hivi: ini likimaliza kazi na estrojeni huitupa matumboni pamoja na nyongo. Choo kikikaa sana, sehemu ya ile estrojeni hurudi tena kwenye damu. Nyuzinyuzi za karoti huishika na kuitoa nje. Njia hiyo ya ini, nyongo na utumbo ni ya kweli, wala si hadithi. Lakini kwamba karoti moja kwa siku inaponya mtu, hilo halijathibitishwa.

Tena sikilizeni jambo hili, kwa maana wauzaji hawalitaji. Mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi wa wanawake wapatao 250 huko Marekani. Waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na estrojeni ya chini, ndiyo, lakini pia walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupitisha mwezi bila yai kutoka. Hebu fikiria mama anayetafuta mtoto, anaambiwa ashushe estrojeni yake bila hata kupimwa! Hatusemi aogope mboga. Chakula chetu cha kawaida hakina hatari hiyo. Tunasema mtu asijiwekee lengo la kushusha homoni asiyoijua kiwango chake.

Basi kachumbari yetu ina faida gani? Faida kubwa iko kwa ile insulini. Mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapa watu 11 wenye kisukari chakula kilekile kwa siku mbili tofauti. Siku moja walianza na mkate na maji ya machungwa, kuku na mboga vikafuata. Siku ya pili walianza na kuku na mboga, mkate ukaja mwishoni. Saa moja baada ya kula, sukari ya siku ile ya pili ilikuwa chini kwa karibu asilimia 37, na insulini nayo ilihitajika kidogo zaidi. Watu 11 ni wachache, lakini tafiti nyingine zilizofuata zimeelekea upande huohuo. Chakula ni kilekile, kilichobadilika ni zamu tu.

Sasa sisi wa Pwani tumepewa kachumbari tangu zamani, jina lenyewe limetoka Bara Hindi pamoja na pilau na biriani. Lakini tunaifanyaje? Tunaiweka pembeni ya sinia kama pambo. Kijiko kimoja, kwisha. Tunachopendekeza ni ugeuze: bakuli la kachumbari litangulie, kila mtu ale ya kutosha pamoja na samaki au maharagwe, halafu ndipo wali au ugali uje. Na wali wenyewe upungue kidogo, kwa maana tumbo tayari limepata kitu.

Kutengeneza si kazi. Kwa watu wanne, karoti mbili za kadiri, kitunguu kimoja, nyanya tatu, tango moja au kipande cha kabeji, dhania na pilipili ukipenda. Karoti iparuze au ikate nyembamba. Kitunguu kikatwe, kivurugwe na chumvi, kisha kioshwe ili ukali utoke. Kamua ndimu. Tia kijiko kimoja cha mafuta ya kula, maana ile rangi ya karoti ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A haiingii vizuri bila mafuta. Kama mezani kuna mchuzi wa nazi, mafuta hayahitajiki tena. Na msiache mchicha wa kupikwa kwa sababu ya hii mbichi. Karoti iliyopikwa hutoa ile rangi kwa urahisi zaidi kuliko mbichi. Kila moja ina kazi yake.

Chumvi ya kula tia mwishoni, kwa sababu ile ya kuoshea kitunguu imekwenda na maji. Iwe ni chumvi ya pakiti iliyotiwa iodini. Tezi ya shingoni haiwezi kutengeneza homoni yake bila iodini, ndiyo maana sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Kuna wanaoleta chumvi ya magunia moja kwa moja kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni kwa kuwa ni rahisi. Ile ya kukaushia samaki sawa, lakini kama haijatiwa iodini, isiwe ndiyo ya mezani. Wala kutia iodini si ruhusa ya kuongeza chumvi. Mwenye presha atie kidogo.

Wengine wameuliza juu ya kabeji mbichi na rovu. Kabeji ina vitu vinavyoweza kuizuia tezi kutumia iodini, lakini kwa mtu anayepata iodini na anayekula kiasi cha kachumbari, hakuna la kuhofia. Muhogo mbichi ndio wa kuangalia, ule tunaotafuna kwa ndimu na pilipili. Uwe ni muhogo mtamu unaojulikana umetoka wapi. Ule mchungu una sumu ya sianidi na hauliwi mbichi hata kidogo.

Hapa tutakaa kidogo, maana kachumbari inaweza kutuletea maradhi mabaya kuliko hayo ya homoni. Kuanzia mwishoni mwa 2022 na kuendelea 2023, kipindupindu kilienea kaunti nyingi za nchi hii. Mboga ya kuchemshwa jikoni hufa vijidudu, hii yetu haionji moto. Karoti na vitunguu vya soko la Kongowea vimetoka mbali, juu ya malori, vimepita mikono mingi. Mboga nyingine humwagiliwa maji ya mitaro. Kwa hiyo: mikono kwa sabuni kwanza. Mboga zioshwe nzima, kabla ya kukatwa, kwa maji yanayomiminika kama yapo. Suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya kisima, hata yakiwa maangavu, yasiaminiwe. Ubao wa samaki usikate kachumbari. Na ndimu haitoshi kuua vijidudu, tafadhali, hata ukikamua kumi. Mama mjamzito awe mkali zaidi katika usafi huu, na wakati wa mlipuko wa kipindupindu ni bora nyumba nzima ile mboga za kupikwa.

Mwenye dawa za kisukari au za tezi asiziache kwa sababu ya bakuli la mboga. Akiona sukari yake imeanza kushuka, ni habari njema, aipeleke kwa daktari, naye ndiye atakayepunguza dawa. Na kuna dalili zisizongojea karoti: kutoka damu baada ya hedhi kukoma kabisa, damu nyingi kupita kawaida, hedhi kupotea miezi mitatu bila mimba, kiu na mkojo usiokwisha, moyo kwenda mbio huku mwili ukikonda, au shingo kuvimba. Hospitali ya Likoni ipo, ya Port Reitz ipo kwa watu wa Changamwe. Mwende mkapimwe.

Vikundi vyenye bustani za magunia vinaweza kujaribu dhania, kitunguu cha majani na nyanya. Kama kisima chenu ni cha maji ya chumvi, kingeni ya mvua, kwani dhania haistahimili chumvi. Karoti kwa gunia si rahisi, tunaona ni heri mnunue pamoja kwa jumla Kongowea na kugawana.

Na swali la mwisho tuliloletewa, kama kachumbari ya jana inalika: bila friji, hapana. Tengenezeni ya kumalizika mlo uleule, na ikibaki wapeni kuku.