Jamaa Wanaomtaka Mtoto Waje Mapema
(Maneno ya hotuba kwa wazee, walimu na wenyeji wa Ilemela)



Leo twataka kunena juu ya shauri lililo zito kuliko shauri la mpaka wa shamba. Maana shamba hukaa pale pale likingoja hukumu, lakini mtoto hukua huku wakubwa wakiteta. Ni shauri la mtoto aliyefiwa na wazazi, au ambaye wazazi wake hawawezi kumtunza, naye yu karibu kutiwa katika nyumba ya watu wasio jamaa zake. Je, jamaa wafanye nini wapate kumlea wao wenyewe?

Kwetu pwani ya ziwa jambo hili si geni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, watu wengi mno wakafa, na wako watoto waliobaki bila wazazi. Maradhi ya UKIMWI nayo, tangu miaka ya 1980, yaliwaacha mabibi wengi wakilea wajukuu katika uzee wao. Na wavuvi wa Igombe na Kayenze wanajua jinsi upepo wa usiku unavyoweza kumchukua baba wa watu. Mara nyingi watoto wa namna hii walipokewa na bibi, shangazi, mjomba au baba mdogo, pasipo karatasi wala mahakama. Desturi hiyo ni njema, wala sheria haikuifuta. Taabu huanza pale jamaa wanaposhindana, au pale kila mmoja anapodhani kwamba mwenziwe ndiye atakayemchukua mtoto.

Zamani mashauri haya yalikatwa kwa kuhesabu ng'ombe. Bwana Hans Cory alizikusanya sheria za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 1953. Na wazee mliopo hapa mnazijua bila kitabu. Mtoto aliyezaliwa katika ndoa ya mahari alikuwa wa ukoo wa baba; aliyezaliwa pasipo mahari alikuwa wa upande wa mama. Shauri lilikwisha upesi, maana lililoulizwa lilikuwa moja tu: ng'ombe walitolewa au hawakutolewa?

Siku hizi swali limegeuka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliagiza kwamba mahakama itangulize mema ya mtoto. Desturi za jamaa zitazamwe, lakini zisiwe juu ya mema hayo. Tena ilisema kwamba, pakiwa na sababu ya pekee, mtoto aweza kupewa jamaa mwingine asiye baba wala mama. Kisha ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo ikasema wazi kwamba mzazi, mlezi, au jamaa anayemtunza mtoto aweza kuiomba mahakama impe ulezi wake. Angalieni maneno haya: jamaa anayemtunza. Bibi kizee anayempikia mjukuu uji kila asubuhi ana mlango wa kuingilia mahakamani, hata kama hakutoa wala kupokea ng'ombe mmoja.

Sasa tuseme juu ya malezi ya kambo, maana jina hili huwatisha wengi, wakikumbuka hadithi za mama wa kambo. Maana yake hapa ni nyingine. Ni mtoto kuwekwa kwa muda katika nyumba ya watu waliochunguzwa na kukubaliwa, chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi wa Jamii. Hauzwi, wala walezi hao hawawi wazazi wake wa kumzaa kwa sababu ya kumlea. Yeye aliyepigwa, aliyetupwa, au asiye na mtu wa kumwangalia, huenda nyumba hiyo ikawa ndiyo wokovu wake. Lakini haikuwekwa ili iwapokonye jamaa wema mtoto wao. Hata mahakama ikitoa amri mtoto aondolewe mahali penye hatari, afisa aweza kumweka katika makao ya watoto yaliyokubaliwa, au kwa mtu anayeaminika, au kwa mzazi, mlezi au jamaa. Basi jamaa wamo katika sheria tangu mwanzo. Yawapasa waonekane.

Tuchukue mfano. Tuseme mvuvi mmoja amekufa maji, na mkewe alikwisha kufariki. Wamebaki watoto wawili, msichana wa miaka 9 na ndugu yake wa miaka 6. Bibi mzaa mama anakaa nao. Baba mkubwa, aliye mbali, atuma neno: "Watoto ni wetu, tulitoa ng'ombe 12." Mjomba naye ajibu: "Hawataondoka hapa." Barua zaenda na kurudi, lakini bibi ni mgonjwa, wala hakuna amsaidiaye kwa chakula. Msichana aacha shule ili ateke maji na kuuza dagaa. Mwalimu aona jina lake halijibiwi, atoa habari, na hapo afanya vema, maana sheria yamtaka kila mtu ajuaye kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke habari kwa serikali ya mahali. Afisa aja, aona watoto wana njaa, awachukua. Ndipo baba mkubwa na mjomba wafikapo pamoja, kila mmoja akilia kwamba serikali imewaibia damu yao.

Je, ni nani aliyewaacha watoto hao? Ngoja-ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyoumia hapa ni ya watoto.

Wakifika mbele ya hakimu mkazi katika Mahakama ya Watoto, mashauri hayasikilizwi hadharani, na Afisa Ustawi wa Jamii huwapo. Hapo jamaa hataulizwa hesabu ya ng'ombe kwanza. Yatatazamwa mambo haya: umri wa mtoto, na kwamba ni vema akae na wazazi wake kama wapo na hawamdhulumu, ya kwamba ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, ya kwamba malezi aliyoyazoea yasikatwe ovyo, na maneno ya mtoto mwenyewe, kama ayasema kwa hiari yake. Kwa hiyo mjomba asemaye, "Mimi nitamchukua mvulana, msichana aende kwa baba yake mkubwa," ameanza vibaya. Na yule aliyefundisha mtoto maneno ya kusema aogope, maana hakimu si mtoto.

Twanena na hili pia, ingawa ni chungu. Si kila ajaye kwa jina la ujomba ana moyo wa mjomba. Wako wanaomtaka msichana awe mtumishi wa nyumba, na wako wanaoutaka mtumbwi na shamba la marehemu kuliko mwanawe. Sheria ya mwaka 2009 yakataza mtu kumnyima mtoto haki ya kufaidi mali ya mzazi wake. Basi afisa akiuliza nyavu za baba ziko wapi, msikasirike. Aulizaye hivyo anamlinda mtoto.

Kwa sababu hiyo twawashauri hivi. Kwanza, msiba ukiisha, na kabla wageni hawajatawanyika, kaeni pande zote mbili, wa kuumeni na wa kukeni, mchague mtu mmoja wa kuwalea watoto, na wengine waseme watamsaidia kwa nini. Andikeni maneno hayo, nanyi mtie sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Pili, mchukueni barua ya mtendaji, vyeti vya vifo, vyeti vya kuzaliwa na habari za shule, mwende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Manispaa kabla yeye hajaja kwenu. Tatu, kama pana shindano, ombeni ulezi mahakamani. Msimnyakue mtoto usiku, maana kumwondoa isivyo halali kwa mtu mwenye ulezi ni kuvunja sheria. Nne, kama mtoto amekwisha wekwa kwa walezi wa kambo, msikate tamaa wala msigombane na walezi hao. Amri ya mahakama yaweza kubadilishwa. Ombeni ruhusa ya kumtazama, mwende siku mliyoambiwa; jamaa aliyekwenda kila alipoitwa ana shahidi asiyehitaji kuapa.

Ninyi walimu, jina lisilojibiwa darasani ni habari. Lipelekeni mapema kwa jamaa na kwa afisa pia. Ninyi wazee, mnaposuluhisha ukoo, mwiteni bibi anayelea, naye asemeshwe kabla ya wenye ng'ombe.

Damu humpa jamaa haki ya kusikilizwa. Haki ya kulea aipata kwa kulea, na kazi hiyo haingoji siku ya hukumu.