Chakula, Mitishamba na Safari ya Mtumbwi: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata ya Mwamgongo



Mkazi wa mjini akizidiwa usiku hupanda pikipiki na kufika hospitali kwa muda mfupi. Mkazi wa Mwamgongo hutazama kwanza ziwa. Upepo ukivuma, mtumbwi haushushwi majini, na Hospitali ya Maweni iliyo Kigoma mjini hubaki mbali. Ndiyo maana katika kata hii swali la chakula na mitishamba lina uzito wa pekee. Chakula bora hupunguza idadi ya safari za ghafla. Mtishamba unaotumika mahali pake humpa mgonjwa nafuu. Lakini mtishamba unaotumika mahali pa tiba humla mgonjwa saa zake, na saa zikishapotea ziwa halizirudishi.

Mwambao huu wa Tanganyika una kisa chake kinachofundisha jambo hilo. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kusini mwa Kigoma, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua vyema misitu na dawa zake, walimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, amelegea, hana hamu ya kula. Chausiku aliuendea mti mchungu ambao Waswahili wengi huuita mtukutu na majirani wa Burundi huuita umubirizi. Alimenya gome, akatupa majani, akatafuna kiini cha tawi na kunyonya maji yake machungu. Siku iliyofuata alionekana amepata nguvu. Mzee Kalunde hakushangaa, kwa kuwa Watongwe walikuwa wakiutumia mti huo huo kwa homa na maradhi ya tumbo.

Wanasayansi waliupeleka mti huo maabara. Walikuta ndani yake kemikali zenye uwezo wa kuwadhuru minyoo ya kichocho. Habari hiyo ni ya heshima kwa wazee wa tiba. Hata hivyo kemikali mojawapo, ile iliyo nyingi zaidi katika majani, ilipojaribiwa kwa panya iliwadhuru panya wenyewe. Hapo yako mafunzo mawili. La kwanza, elimu ya mitishamba si upuuzi. La pili, mti mmoja huweza kubeba dawa na sumu kwa pamoja, na tofauti hutegemea sehemu inayotumika na kiasi chake.

Kichocho kinawahusu sana watu wa mwambao. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevua. Kichocho cha tumbo huleta maumivu na damu katika choo, na kikiachwa miaka mingi huharibu ini na kujaza tumbo maji. Dawa inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni prazikwanteli, ambayo vipimo vyake hufuata uzito au urefu wa mtu. Hapa chakula kina kazi ya moja kwa moja, kwa sababu dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi na haisumbui sana tumbo ikimezwa baada ya kula. Mzazi anayempeleka mtoto kumeza dawa akiwa na njaa humtafutia kichefuchefu na kizunguzungu, kisha mtaa mzima huikimbia dawa. Uji mzito na maharage asubuhi ya siku ya dawa ni sehemu ya tiba. Choo kinachotumika na familia yote hukata mnyororo, kwa kuwa mayai ya minyoo yasipofika majini, konokono hana cha kusambaza.

Maradhi ya kuhara nayo hayasubiri. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kaskazini mwa mwambao huu, wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika pale. Kipindupindu huweza kuua mtu mzima kwa saa chache, na kinachoua ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini. Chai ya majani ya mpera, inayopendwa na wengi, huenda ikapunguza idadi ya kwenda chooni, lakini hairudishi chumvi iliyopotea. Kinachorudisha ni dawa ya chumvichumvi. Pakiti zikikosekana nyumbani, hutengenezwa kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Mgonjwa hupewa kidogo kidogo bila kukoma, hata ndani ya mtumbwi akiwa safarini. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na kituo cha afya humwongezea vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Upande wa chakula, Mwamgongo haina sababu ya kuona wivu. Dagaa wa Tanganyika wakiliwa wazima, pamoja na vichwa na mifupa, hutoa protini, madini chuma na chokaa ya mifupa. Mawese mekundu yana asili ya vitamini A, ambayo hulinda macho na kumsaidia mtoto kushindana na maradhi. Rangi ile nyekundu ndiyo asili ya vitamini hiyo, hivyo mpishi anayeyachoma mawese mpaka yakawa meupe ameiteketeza faida kabla ya chakula kuiva. Kisamvu na matembele huongeza damu, hasa vikifuatwa na chungwa au limau, ilhali chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo huzuia madini chuma kufyonzwa. Chai isubiri saa moja au zaidi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na familia zilizoweka dagaa wakavu na maharage zilikuwa na akiba ya kitoweo. Mwenye shinikizo la damu naye aloweke samaki wa chumvi na kumwaga maji yake kabla ya kupika. Kitunguu swaumu ni kiungo kizuri kwake, lakini hakichukui nafasi ya vidonge alivyoandikiwa na mganga wa kituo.

Mama mjamzito anahitaji tahadhari kubwa kuliko wote. Vyakula vilivyotajwa humfaa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu hazimfai. Huweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi hadi ukapasuka, na mama aliyepasuka mfuko huhitaji upasuaji ulio ng'ambo ya safari ya ziwa. Familia yenye mjamzito ipange mapema: nauli, mafuta ya injini, mtu wa kumsindikiza na nyumba ya kufikia mjini. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza huduma kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5 zitolewe bila malipo.

Waganga wa tiba asili hawafukuzwi katika mpango huu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua na kuwataka wasajiliwe. Mganga mwenye hekima hujulikana kwa mgonjwa anayemruhusu aende kituoni, na mhudumu wa afya mwenye hekima humwuliza mgonjwa, bila kumkaripia, ni dawa gani alizokwisha kunywa. Mgonjwa naye aseme kweli, kwa maana dawa mbili zisizojuana huweza kugombana mwilini.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Apewe uji, basi, na tangawizi kwa kichefuchefu, na asali kwa kikohozi, isipokuwa mtoto aliye chini ya mwaka 1, ambaye asali humdhuru. Lakini zipo dalili zisizongoja sufuria ichemke: degedege, mtoto kushindwa kunyonya, damu kumtoka mjamzito, macho kudidimia kwa kuhara, pumzi kubana, na homa ambayo haijapimwa malaria. Zikionekana, sufuria iepuliwe, na mgonjwa apelekwe kituoni wakati ziwa bado limetulia.