Jua, Watoto Wetu na Kahawa Yetu

Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Vwawa, Wilaya ya Mbozi



Mmezoea kunisikia nikiuliza habari za leja na stakabadhi. Leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya jua, na namna tunavyowafundisha watoto wetu habari zake. Jambo hili si geni kwetu: elimu ni mmoja wa misingi 7 ya ushirika, na kijana wa leo ndiye mwanachama wa kesho.

Msimu mmoja nilikagua hesabu za chama ambacho sitakitaja. Kahawa yake ya maganda ilikuwa imeshushwa daraja, na malipo ya wanachama yakapungua. Vitabu havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa vichanjani: usiku kahawa iliachwa wazi ikapata umande, na mchana ikaachwa katika jua kali la adhuhuri hata maganda yakapasuka. Vijana waliokuwa zamu walikwisha kufundishwa shuleni kwamba jua hutupa mwanga na joto, na mtihani walifaulu. Lakini hapana aliyewaonyesha kwamba jua la saa tatu asubuhi silo la saa saba mchana.

Nami sina haki ya kuwacheka. Binti yangu aliniuliza, "Baba, mbona Julai jua linawaka kutwa na bado tunatetemeka?" Nikamjibu upesi kwamba jua limekwenda mbali. Baadaye nilisoma nikaona nimempotosha. Ni kweli kwamba dunia huwa mbali zaidi na jua mwanzoni mwa Julai, kiasi cha kilometa milioni 152, na karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, kiasi cha milioni 147. Lakini kama hiyo ingekuwa ndiyo sababu, Ulaya nayo ingeona baridi mwezi Julai; kumbe huko ndiyo miezi ya joto. Sababu hasa ni kwamba dunia huzunguka jua hali imeinama, kiasi cha digrii 23 na nusu. Mwezi Juni na Julai kaskazini ndiyo inayoinamia jua, nasi wa kusini hupata miali ya mshazari, ambayo hutawanya joto lake juu ya eneo kubwa. Ongezeni juu ya hayo mwinuko wa nchi yetu.

Ndugu zangu, somo hili halihitaji fedha. Chomekeni fimbo ya mita 1, wima kabisa, katika uwanja wa kuanikia. Mtoto apime kivuli chake kifupi kuliko vyote vya siku. Mwishoni mwa Juni ataona kinaelekea kusini, nacho chapita sentimita 60. Mwishoni mwa Desemba kinaelekea kaskazini, sentimita 25 hivi. Katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, kivuli karibu hupotea, maana jua liko utosini. Tena atagundua kwamba hapa kwetu, Vwawa na Tunduma, adhuhuri ya jua haifiki saa sita kamili, bali kati ya saa sita na nusu na saa saba. Wakati huo ndio kahawa inapohitaji kufunikwa.

Fimbo ina faida nyingine. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na watu wakakusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, kuona mwezi ukilifunika hata ikabaki pete ya mwanga. Tukio kama hilo huwavuta watoto kulikodolea jua macho, na jua huunguza jicho bila kutoa maumivu ya kuonya. Waambieni kwamba jua halitazamwi kwa macho matupu, lipatwe lisipatwe. Kwa fimbo mtoto hujifunza habari za jua hali amelipa mgongo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chama kisimamishe fimbo yake, na katibu atenge daftari moja la vivuli. Pili, tuwaalike walimu walete wanafunzi mara moja kwa mwezi, katika saa za masomo, waje kupima na kuandika, si kufanya kazi zetu. Tatu, vijana wa zamu wafundishwe sababu pamoja na amri: kwa nini kahawa hugeuzwa mara kwa mara, hufunikwa adhuhuri na tena kabla ya umande wa jioni, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12.

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yetu tuiweke uwanjani. Nitakapokuja kukagua msimu ujao, nitaomba kwanza leja, halafu daftari la vivuli.