Pikipiki Iliyotumika: Wiki ya Kwanza Baada ya Kuinunua

(Mazungumzo haya yalitolewa Kibuli, Kampala, na mhamasishaji wa jamii, mbele ya vijana wakimbizi wanaoendesha bodaboda. Tunayachapa kwa ajili ya wakazi wa kambi ambao vikundi vyao vinajiandaa kununua pikipiki.)



Tangu mgao wa chakula ulipoanza kupunguzwa mwaka 2020, familia nyingi zimeitegemea bodaboda kwa sabuni, ada ya shule na sahani ya jioni. Kikundi cha watu kumi na watano huweka akiba mwaka mzima, kisha kijana mmoja anatumwa Kampala na fedha mfukoni. Anarudi na pikipiki inayong'aa. Baada ya miezi miwili pikipiki iko chini ya mwembe, imefunikwa gunia, na watu kumi na watano hawasalimiani. Nimesuluhisha ugomvi wa namna hiyo katika vijiji vyetu zaidi ya mara moja, na mara nyingi chanzo hakikuwa wizi. Pikipiki ilinunuliwa leo, kesho asubuhi ikaanza kubeba abiria, na hakuna aliyeifungua hata nati moja.

Nianze na karatasi, ingawa najua mnataka kusikia habari za injini. Nambari ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya usukani, na nambari ya injini iko ubavuni mwa injini, upande wa chini. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, futa, soma, linganisha na kadi ya pikipiki tarakimu kwa tarakimu. Ukiona pamekwaruzwa au pamegongwa upya, rudisha fedha mfukoni na uage kwa adabu. Hapa Kibuli ndipo yalipo makao makuu ya upelelezi wa polisi ya nchi nzima. Si mahali pa kupita na pikipiki yenye maswali. Kuandikiana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa LC 1 ni ushahidi mzuri wa mauziano, lakini hakubadilishi jina kwenye kadi. Muuzaji afuatane nawe hadi jina libadilike. Bima ya mtu wa tatu na leseni ya daraja la pikipiki ni lazima kwa kila mtu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kufanya kazi. Haitusamehi sheria za barabarani.

Sasa pikipiki yenyewe. Unapofika kwa muuzaji, kabla ya salamu kuisha, gusa injini kwa uangalifu. Ikiwa ina joto, mwambie utarudi kesho asubuhi. Muuzaji anayejua kwamba injini yake ni ngumu kuwaka ikiwa baridi huiwasha kabla hujafika. Ikiwaka ikiwa baridi, simama nyuma ya eksozi. Moshi mweupe kidogo asubuhi yenye ubaridi, unaoisha baada ya muda mfupi, ni unyevu tu. Moshi mweusi unasema petroli ni nyingi kuliko hewa, jambo la kabureta au la chujio la hewa, na hilo hutengenezeka kwa gharama ndogo. Moshi wa buluu usioisha ni oili inayoungua ndani: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Hiyo ni injini ya kufunguliwa, na bei lazima iteremke au uiache.

Kisha ipande mlima. Ninyi mnaoishi hapa mna bahati ya kuwa na kilima hiki. Mbebe mwenzako mmoja nyuma, toka chini, panda kuelekea msikitini. Injini ikinguruma kwa nguvu lakini pikipiki haiendi, klachi imekwisha. Geuka, teremka polepole, na ujaribu breki zote mbili, moja moja. Mtu anayekataa pikipiki yake ijaribiwe mlimani ameshakujibu.

Haya, umelipa. Siku ya kwanza usibebe abiria. Siku ya kwanza ni ya oili.

Usiamini neno la muuzaji kwamba oili ni mpya. Iwashe injini dakika chache ipate joto, izime, weka karai, fungua nati ya chini. Oili yenye joto hutoka pamoja na uchafu wake. Iangalie juani. Ikiwa ina rangi ya maziwa, maji yameingia, pengine kwa kuvushwa mtoni au kuoshwa ovyo. Ikiwa inameremeta kama vumbi la fedha, chuma kinasagana ndani. Ikiwa ni nzito mno kama asali, jihadhari: wapo wanaotia oili nzito kupita kiasi ili kuficha kugonga kwa injini siku ya mauzo. Safisha na chujio la oili ukifika hapo. Pikipiki hizi ndogo za kazi, kama Bajaj Boxer na TVS Star, huchukua karibu lita moja, na 20W-50 ndiyo inayotumika sana kwa joto la huku kwetu. Pima ukiwa umeisimamisha wima mahali pa tambarare. Oili ikipita alama ya juu nayo inadhuru, kwa hiyo msifikiri kuzidisha ni kuipenda pikipiki.

Tahadhari moja kwa wanaonunua pikipiki za zamani zilizouzwa na mashirika, mfano Yamaha AG 100. Hiyo ina oili mbili tofauti: moja ya gia, na nyingine katika tangi lake dogo inayoungua pamoja na petroli. Tangi hilo likikauka, pistoni inakwama, na safari imekwisha hapo hapo.

Baada ya oili mpya, ibadilishwe lini tena? Bodaboda inayokwenda kilomita 100 kwa siku, siku sita, hufikisha kilomita 600 kwa wiki. Ukiibadilisha kila kilomita 1500, ni kama kila wiki mbili na nusu. Wengi mtaniambia kwamba mshale wa kilomita hausogei, waya wake ulikatika zamani. Basi hesabu petroli. Jaza tangi, endesha, ujue lita moja inakupeleka wapi. Ikiwa ni kilomita 45, basi lita 33 ndizo kilomita 1500 zako. Andika kila lita unayonunua katika daftari. Daftari hilo litawasaidia pia siku mwanakikundi atakapouliza fedha zilikwenda wapi.

Chujio la hewa halisemwi sana, lakini kwa vumbi jekundu la barabara zetu za kambi ndilo linaloamua injini itaishi miaka mingapi. Kama ni la sponji, lifue kwa mafuta ya taa au sabuni, likamue bila kulisokota, likauke kivulini, kisha lipake oili kidogo na ulikamue tena. Kama ni la karatasi, lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na likichakaa linunuliwe jipya. Kuna vijana wanaoliondoa kabisa wakisema pikipiki inapata nguvu. Inapata kelele. Vumbi linaingia kwenye silinda na kusaga ringi kama mawe ya kusagia mahindi, na baada ya muda unaona ule moshi wa buluu niliousema.

Plagi ni barua kutoka ndani ya injini. Ifungue baada ya mwendo. Rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ni habari njema. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Nyeusi yenye mafuta ni oili inayopita. Nyeupe kabisa ni joto kali na hewa nyingi, na hiyo isipuuzwe.

Valvu zipimwe na fundi mwenye vipimo vya unene, injini ikiwa baridi. Hapa watu wengi hudanganyika. Injini inayosema tik-tik kidogo huwatia hofu, basi wanamwambia fundi akaze mpaka inyamaze. Valvu iliyokazwa mno haifungi vizuri, nayo huungua. Ukimya wa namna hiyo ni wa hatari kuliko kelele.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini juu ya cheni. Kijana mmoja wa upande wetu alikuwa akiteremka na mama aliyembeba mtoto mgongoni. Cheni ilichomoka, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likakaza. Wote walipona, lakini mguu wa yule mama haukurudi kama ulivyokuwa, na kijana hakuendesha tena. Baadaye klipu ya cheni haikuonekana. Klipu ni kile kipande kidogo kinachofunga kiungo. Upande wake uliofungwa lazima utazame mbele, kule cheni inakoelekea inapopita juu. Ikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kuisukuma ikatoka. Itazame kila asubuhi. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Cheni isilegee mno wala isikazwe kama kamba ya ngoma. Izungushe gurudumu ukitafuta mahali ilipokaza zaidi, maana cheni ya zamani haivutiki sawa kila mahali. Hapo, katikati ya chini, ipande na kushuka kwa sentimita 2 hadi 3. Legeza kwanza nati ya ekseli, kisha rekebisha pande zote mbili mpaka alama za kushoto na kulia zilingane. Zisipolingana gurudumu linakwenda upande na tairi linaliwa. Ukimaliza, kaza ekseli na urudi kuangalia breki ya nyuma, kwa sababu gurudumu likisogea na breki hubadilika. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama pezi la papa, nunua vyote vitatu pamoja: sproketi ya mbele, ya nyuma na cheni. Kuvika cheni mpya juu ya meno ya zamani ni kuitupa. Oili ya gia ya namba 90 inafaa kwa kuipaka. Ile oili chafu mliyoitoa kwenye injini ina chembe za chuma, haifai, na isimwagwe karibu na visima.

Breki za drumu zifunguliwe wiki hiyo ya kwanza, mbele na nyuma. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, kwani si zuri kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Ukiona oili au grisi juu ya viatu vya breki, vibadilishe. Kwenye mkono wa breki mara nyingi kuna mshale mdogo. Ukikanyaga breki na mshale ukapita alama, viatu vimekwisha hata kama bado inashika. Ukivuka dimbwi, shika breki kidogo huku ukienda ili zikauke kabla hujazihitaji. Kwenye mteremko mrefu tumia gia ndogo iisaidie breki.

Vijana wengine nawajua, macho yenu yako kwenye pikipiki za mtindo wa mbio, kama Pulsar na Apache, na hata zile kubwa zenye vifuniko vya plastiki ubavuni. Siwakatazi. Lakini jueni kwamba breki za diski hutumia majimaji yake maalumu, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, na oili ya injini ikitiwa humo huharibu sili zote. Yenye rejeta inahitaji maji ya kupozea yenye dawa. Tairi na vipuri vyake ni ghali, na ukilala nayo kwenye murramu vifuniko vile vinavunjika kama sahani. Kwa fedha ya kikundi, mimi ningenunua Boxer yenye uso mbaya.

Tairi lina tarakimu nne zinazotaja umri wake: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Lililopasuka pembeni halifai hata likiwa na maua. Gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti nzito. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole. Ukinasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shokapu za nyuma zina ngazi za kukazia, na ngazi ya kushoto iwe sawa na ya kulia. Panda ngazi ukiwa na abiria siku nzima. Kioo, honi na taa ya breki hazihitaji maelezo yangu, ila zifanye kazi. Na kofia ngumu ziwe mbili, kwa sababu sheria inamtaja abiria pia.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutafungua gurudumu la nyuma la pikipiki ya kikundi kimoja, hapa hapa, ili kila mtu ashike viatu vya breki kwa mkono wake. Mwenye spana namba 10, 12, 14 na 17 azilete. Kila mmoja aje na kitambaa na daftari. Kina mama karibuni sana, maana ninyi ndio wenye mali.